Kumshusha Waseme kwa Kipoyi

Safari hii ilianza kwa sababu ya mama mmoja aliyekataa kukimbia vita. Alikuwa akiishi katika kijiji kidogo cha mlimani, chini kidogo ya Lemera, na binti yake Furaha alikuwa jirani yangu hapa Uvira, mtaa wa Kalundu. Ilikuwa miaka ya vita ya pili ya nchi yetu. Habari zilizoshuka pamoja na wauza maharage zilisema mapigano yanaisogelea milima ile. Furaha alikuwa ametuma ujumbe mara nyingi: mama, shuka ziwani, chumba kipo. Jibu lilirudi lile lile. Mama hawezi kushuka, ana mgonjwa.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa mbwa.

"Dokta, weye ni wa mbwa na mbuzi," Furaha aliniambia, amesimama mlangoni kwangu na vipande vya nyuzi za cherehani vimemganda kwenye kitenge. "Panda kule. Umupige ile mbwa shindano ya kulala, ipumzike, mama yangu ashuke. Imezeeka, iko naumwa, haitembeye tena. Na mama iko naikalia sawa vile unakalia mutoto wa surua."

"Na mama yako akikataa?"

"Ndiyo maana ninakutuma weye. Minye atanifukuza na mwiko."

Nikakubali. Katika mkoba nilitia vidonge vya maumivu, pamba, sabuni, na kichupa kile cha dawa ya kulala, nikakizungushia kitambaa kisivunjike.

Asubuhi nilitoka Uvira kwa baiskeli, ziwa likiwa mkono wa kulia, tulivu na la buluu, wanawake wakianika ndagala, dagaa wetu, kwenye mchanga kama siku yoyote ya amani. Baada ya Kavimvira ziwa linabaki nyuma na uwanda wa Ruzizi unafunguka mbele, tambarare, na milima imesimama upande wa kushoto. Huko ndiko nilikokuwa nakwenda.

Kabla ya kufika Kiliba kulikuwa na barieri, yaani kamba iliyokatiza barabara, na sajenti mmoja kwenye kiti cha mti. Pembeni yake kuku alikuwa amefungwa mguu.

"Unaenda wapi?"

"Mlimani, shefu. Kwa mgonjwa."

"Mugonjwa gani?"

Sikuona sababu ya kudanganya. Nikamwambia ni mbwa. Aliwaita wenzake waje wasikie.

"Batu iko nashuka nakimbia, ye iko napanda kuona mbwa," aliwaambia. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha sajenti akashusha sauti. "Dokta, na hii kuku iko nakohoa. Inaweza pona?"

Nilimkagua kuku. Alikuwa na mafua tu. Nikamwelekeza sajenti amweke mbali na moshi wa jiko na ampe maji safi, na kamba ikateremshwa.

Sange nilifika jua likiwa kichwani. Niliacha baiskeli kwa rafiki yangu muuza mihogo, nikaanza kupanda kwa miguu. Njia ile ni nyembamba, inapita katikati ya migomba na mashamba ya maharage, na kila unapopinda unaona zaidi: kwanza uwanda, kisha mto Ruzizi unaong'aa kama bati jipya, kisha milima ya Burundi ng'ambo, na mwisho kabisa kipande cha ziwa ulikotoka. Hewa inakuwa baridi. Watu niliokutana nao walikuwa wakishuka, wamebeba magodoro na kuku, na kila mmoja alinipa pole kwa kwenda upande usio sahihi.

Alasiri nilifika kijijini. Uwanja wa Mama Furaha ulijaa watu. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wanaume kwenye vigoda, wanaongea kwa sauti ya chini, kama nyumba yenye msiba. Nikadhani mama amefariki, nikauliza.

"Hapana," alisema mwanaume mmoja mfupi mwenye kofia ya sufu. Huyo alikuwa Shukuru, mdogo wa marehemu mume wa Mama Furaha. "Tumekuja kuona mugonjwa. Ingia, dokta, lakini usikawie, batu wengi wako nyuma yako."

Ndani, kwenye mkeka karibu na moto, alilala mbwa wa rangi ya kahawia, mdomo umeingia mvi, amefunikwa kitenge. Mama Furaha alikuwa amekaa kando yake, mwembamba, wima, na macho ya kuchekacheka.

"Karibu, mutoto yangu. Umemukuta amechoka. Leo amepokea wageni wengi."

Mbwa aliitwa Waseme. Kwetu mbwa hupewa jina la kuwafikia majirani. Huyu alipoletwa akiwa mdogo, watu walimcheka baba wa nyumba kwa kumlaza ndani, na baba akawajibu kwa jina hilo.

Nilimpapasa taratibu. Niwaeleze wasomaji namna ya kufanya, maana inasaidia. Anza mahali pasipouma, shingoni na mabegani, ili mnyama azoee mkono wako. Angalia masikio na pumzi, maana mbwa mwenye maumivu mara nyingi hapigi kelele. Anahema haraka, analamba mdomo, anakataa kugeuka. Tumboni mwa Waseme nilikuta uvimbe mgumu wa kujaza viganja viwili. Nyongani alikuwa na kidonda cha kulalia upande mmoja. Uvimbe ule nisingeuweza, wala mtu mwingine asingeuweza. Lakini kitu kimoja kilinishangaza. Mama alisema Waseme anatapika kutwa, na uvimbe wa mahali pale haukunieleza kutapika kwa namna ile.

Wakati nikifikiri, bibi mmoja aliingia, akampa pole Mama Furaha, akafungua jani la mgomba na kumtia Waseme mdomoni ndagala za chumvi. Waseme akameza. Bibi akatoka, akaingia mwanaume na kibuyu.

"Hiyo ni nini?"

"Kasiksi kidogo tu," alisema. Kasiksi ni pombe ya ndizi. "Ya kumupasha mwili moto."

Nikamgeukia Mama Furaha. "Mama, leo amekula nini?"

Alinitajia kwa fahari. Bugali wa nyumba ya jirani, maziwa ya mgeni kutoka Mulenge, mfupa wa mbuzi, maharage ya Shukuru, na ndagala, ndagala, ndagala. Kule mlimani hakuna anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa akionja chakula chako ndipo unajua umepokelewa vizuri. Mgonjwa mtu angesema nimeshiba, wekeni. Waseme alifundishwa tangu utoto kula anachopewa mkononi. Alikuwa anawapokea wageni wote.

Nilitoka uwanjani. "Jamani, asanteni kwa upendo," nilisema. "Huyu ana magonjwa mawili. La kwanza sitaliweza. La pili ni nyinyi."

Kicheko kilipita kwenye mikeka. Shukuru peke yake ndiye aliyenuna.

"Sasa tukuje na mikono wazi? Watatuona sisi ni batu ya namna gani?"

"Hapana, msije mikono wazi. Njooni na majani makavu ya migomba ya kumlazia. Njooni na maji yaliyochemshwa. Mwenye asali alete ya kidonda. Na kila anayekuja amsaidie mama kumgeuza upande, polepole, mkono mmoja begani na mwingine nyongani. Chakula atapewa na mama peke yake, kidogo kidogo."

"Na hii kasiksi?" aliuliza mwenye kibuyu.

"Hiyo mpe dokta," alisema Shukuru, na uso wake ukafunguka.

Asubuhi iliyofuata Waseme hakutapika. Alikuwa amelala juu ya lundo la majani makavu lililomfanya aonekane chifu, kidonda kimesafishwa na kupakwa asali, na robo ya kidonge imekwisha kumtuliza. Nilimwonya Mama Furaha asimpe kamwe dawa ya watu bila kuuliza, maana kipimo cha mtu kinaweza kumwua mbwa. Ndipo aliponiangalia moja kwa moja.

"Furaha amekutuma na shindano."

"Ndiyo, mama."

"Unaona ni siku yake?"

Nilimwambia ukweli: kwamba siku hiyo haiko mbali, kwamba ikifika sindano ni huruma, na kwamba vita haitaingoja. Hakukasirika. Alinisimulia vita ya kwanza, alipojificha kwenye mianzi na wanaume wenye bunduki wakapita karibu kiasi cha kusikia viatu vyao. Waseme, aliyembwekea kila mpita njia maisha yake yote, alilala miguuni pake asitoe hata pumzi.

"Ile siku alinyamaza kwa ajili yangu," alisema. "Sitamuacha afe peke yake kwa kelele za bunduki. Lakini pia sitaki ateseke juu yangu. Nitajuaje?"

Hilo ndilo swali ambalo kila mwenye mnyama mgonjwa huniuliza. Nikamuuliza nami: Waseme anapenda nini kuliko vyote?

Mama alitoka nje, akatia majani ya muhogo kwenye kinu, akaanza kutwanga sombe. Mchi uliposhuka mara ya kwanza, mkia wa Waseme ulipiga yale majani makavu. Mchi ukashuka, mkia ukapiga. Siku ya sombe ndiyo siku aliyozoea kulamba sufuria.

"Basi leo si siku yake," nilisema. "Siku mchi utakapolia na mkia ukanyamaza, ujue ameomba kupumzika. Uniite."

Kwa hiyo kazi niliyotumwa na Furaha ilikuwa imenishinda. Mama angebaki, nami ningeshuka na kichupa changu. Mchana ule milio ilisikika mbali, upande wa juu, na wachungaji wakapita na ng'ombe mbio mbio. Watu uwanjani wakaanza kufunga mizigo. Mama Furaha akarudi kukaa kwenye mkeka wake.

Shukuru alisimama mlangoni akikuna kichwa chini ya kofia. "Shemeji, uko nasema huyu ni mugonjwa?"

"Si unamuona?"

"Na wagonjwa wa hapa banashukaka na nini?"

Mama akamtazama. Kule mlimani mgonjwa asiyeweza kutembea hubebwa kwa kipoyi, kitanda cha mianzi na kamba juu ya mabega ya wanaume, na kila kijiji kina zamu yake.

"Mutachekwa," alisema Mama Furaha.

"Waseme," alijibu Shukuru, na mbwa aliposikia jina lake akainua sikio.

Tulishuka mchana huo huo. Wanaume wanne mbele yangu walibeba kipoyi, Mama Furaha pembeni ameshika kinu chake kichwani, Shukuru nyuma akitoa amri zisizo za lazima. Niliwafundisha wabebaji wa mbele kuinua kidogo kwenye miteremko, ili uvimbe usimkandamize kifuani. Tuliokutana nao njiani walivua kofia na kusema pole. Hatukuwasahihisha.

Sange tulipata lori la mihogo lililokuwa likienda mjini. Kipoyi kilipanda juu ya magunia, na baiskeli yangu ikafungwa nyuma. Kwenye barieri sajenti wangu alipanda kukagua, akaona umbo chini ya kitenge, akatoa bereti.

"Pole, mama. Ni baba?"

Akainua pembe ya kitenge. Waseme akamtazama. Sajenti akanitazama mimi.

"Ni ule mugonjwa," nilisema.

Sajenti alifunika kitenge vizuri, hata akakichomeka upande wa upepo. "Pitisheni," aliwaambia wenzake. "Iko mugonjwa humu."

"Na kuku, shefu?" niliuliza.

"Ilipona vizuri sana, dokta. Tukaikula."

Kalundu, Furaha alitoka na utepe wa kupimia shingoni. Alimwona mama yake, akamkumbatia akilia. Kisha akaona kipoyi.

"Dokta. Nilikutuma nini?"

"Mama ashuke," nilisema. "Ameshuka."

Waseme aliwekwa barazani, mahali upepo wa ziwa unapofika. Kila asubuhi nilipita kumpa dawa, na kila asubuhi Mama Furaha alitwanga sombe, awe na haja nayo au hana. Mkia ulipiga. Nyumba ile ilikula sombe, majirani wakala sombe, mimi nikapelekewa sombe mpaka mke wangu akauliza kama kule hawajasikia habari za samaki. Furaha alianza kuota rangi ya kijani, kwa maneno yake mwenyewe. Lakini nilimwona mara kadhaa, kabla ya kukaa kwenye cherehani, akiinama kumgeuza mbwa upande, mkono mmoja begani na mwingine nyongani.

Asubuhi moja nilisikia mchi kutoka kwangu, mara chache, kisha kimya. Nilichukua mkoba bila kuitwa. Mama Furaha alikuwa amesimama kinuni. Alipiga tena mbele yangu, tukamtazama Waseme wote wawili. Alikuwa macho. Mkia haukusogea.

"Ni leo," alisema.

Alikaa chini, akakipakata kile kichwa chenye mvi, akamsemesha kwa Kifuliiru maneno ambayo sikuyasikiliza. Kulikuwa shwari. Hakuna bunduki, mawimbi tu; hata cherehani ya Furaha ilikuwa imesimama. Nikafanya kazi yangu polepole, na Waseme akalala.

Tangu siku ile, nikiitwa kwa mnyama anayekaribia mwisho, kabla ya kufungua mkoba nauliza anapenda nini. Wenyewe hujua. Mara nyingi hawajaulizwa tu.

Tulimzika nyuma ya nyumba, na Shukuru, ambaye hakuwa amerudi mlimani, akachimba. Niliporudi barazani kunawa, Mama Furaha alikuwa amekaa akitazama kinu, majani yamo nusu yake. Kisha akaninyooshea mchi.

"Maliza, mutoto yangu. Minye leo mikono imekataa, na batu wanapashwa kula."

Nikatwanga. Nilitwanga vibaya, majani yakaruka mpaka kwenye cherehani, na Mama Furaha akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.