Nimefuta Folda Bila Kumuuliza Mwalimu

Jameni, nisikizeni.

Leo Mwalimu Halima ameleta laptop hapa kwa saiba yangu, duka la intaneti mjini Mwingi, nimwekee programu ya printa. Ikakataa, eti nafasi imejaa. Nikapata folda ya faili za muda, takataka zilizoachwa na programu za zamani. Nikafuta zote.

"Ripoti yangu ya kesho iko salama?" Mwalimu akauliza.

"Uliihifadhi wapi, Mwalimu?"

"Niliifungua tu kwa barua pepe, nikaendelea kuandika."

Aiii! Faili zikifunguliwa hivyo huwa zinaingia folda ileile niliyofuta!

Nikairudia folda mbio.

Imebaki faili moja tu. Ripoti! Ilikuwa bado imefunguliwa, kompyuta ikakataa kuifuta.

Mwalimu akavuta laptop kwake polepole.

"Mwanangu, printa tuachane nayo."

Ni mimi peke yangu hufuta kabla ya kuuliza?