Dawa ya Pacha Mmoja

Hebu mwone kwanza akifika. Saa moja kasoro asubuhi, geti la zahanati limefunguliwa upande mmoja tu, na mwanamke mfupi, mnene kiasi, anapita ubavu kwa sababu mikono yote miwili imejaa. Wa kulia umeshika mfuko wa nguo za kazi. Wa kushoto umeshika kikapu chenye chupa tatu za maji, aliyoyachemsha jana nyumbani kwake na kuyaacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Birika la zahanati lipo, lakini ukilisubiri lichemke, halafu usubiri maji yapoe, foleni ya kina mama itakuwa imefika barabarani.

Mlinzi humtania kila siku: "Mama, umehamia mtoni?"

Naye hujibu bila kusimama: "Nimekuletea ya kuoga, naona baridi imekushinda."

Huyo ndiye Mama Mstari, mtoa dawa wa zahanati yetu. Jina hilo alibandikwa na wanawake wa foleni. Kila mtoto akiandikiwa dawa ya maji, mama huyu huchukua lile bomba dogo la plastiki la kupimia, linalofanana na bomba la sindano ila halina sindano, akalichora mstari mweusi kwa kalamu isiyofutika, pale hasa inapofikia dozi ya mtoto huyo. Si ya jirani, si ya kaka yake. Dozi ya mtoto aliyepimwa uzito asubuhi hiyo. "Vijiko vya nyumbani ni kama wajomba," husema. "Kila mmoja ana kimo chake. Usivitumie kupimia dawa."

Na ukitaka kujua mtu anapenda kazi yake, mtazame akichanganya. Dawa nyingi za watoto za kuua bakteria huja zikiwa unga ndani ya chupa. Unga ukishakutana na maji, siku zake zinaanza kuhesabika, ndiyo maana hachanganyi mpaka mtoto awe mbele yake. Anaigonga chupa kiganjani ili unga ulioganda chini uachie. Anatia maji kiasi, anatikisa, anaiweka mezani, anaiinamia kama mtu anayechunga maziwa jikoni. Anasubiri povu lishuke. "Povu ni mwongo. Ukiliamini utadhani chupa imejaa, kumbe maji hayajafika." Likishuka, anaongeza mpaka kwenye alama, anatikisa tena, anaandika tarehe ubavuni.

Hakuanzia kwenye dirisha la dawa. Miaka saba aliosha sakafu za zahanati hiyo hiyo, akawa anasoma makaratasi ya dawa kabla ya kuyatupa, mpaka daktari wa wakati ule akamwona akisoma akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. Akampeleka kozi. Alirudi na cheti, pamoja na tabia moja ambayo kozini hawakumfundisha: hamuulizi mtu "umeelewa?"

Aliacha kuuliza kwa sababu ya baba mmoja. Baba yule aliulizwa, akaitika vizuri sana, "Nimeelewa, daktari." Baada ya siku nne akarudi na chupa iliyojaa mpaka shingoni, dawa imekuwa nyeupe kama maji ya kuoshea mchele. Alikuwa ameambiwa dawa hii hutiwa maji. Basi kila asubuhi akaitia maji. Mtu mwema kabisa, mtiifu. Tangu siku hiyo Mama Mstari husema neno moja tu: "Nionyeshe." Na mzazi huonyesha palepale dirishani, foleni ikimwangalia.

Sasa njoo tuingie kwenye siku yenyewe.

Jumatatu moja alifika mama kijana, mshonaji wa kiwanda cha nguo, amebeba mtoto wa miaka miwili. Mtoto huyo ni pacha. Nyumbani mmoja wanamwita Kimya na mwingine Kelele, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Aliyeletwa ni Kelele, na kilichomtisha mama yake ni kwamba tangu jana usiku Kelele hakuwa amepiga kelele hata moja. Joto kali, kikohozi, pumzi za haraka haraka. Daktari akahesabu pumzi dakika nzima, akasikiliza kifua, akasema ni nimonia, lakini mtoto anakunywa maji vizuri na kifua hakibonyei, kwa hiyo atibiwe nyumbani. Antibiotiki ya maji, mililita kumi asubuhi, mililita kumi jioni, siku tano.

Dirishani mambo yakaenda kama kawaida. Mstari kwenye kumi. "Nionyeshe." Yule mama akatikisa chupa, akavuta mpaka mstarini, akamkalisha mtoto wima, akaingiza ncha ya bomba upande wa shavu na kusukuma polepole ili asipaliwe. Safi. Akaambiwa aiweke mahali pa baridi, asiichanganye kwenye maziwa, aimalize hata kama mtoto amepona siku ya tatu. Akashukuru, akaondoka.

Alhamisi asubuhi akarudi. Safari hii hakuwa peke yake. Mama mkwe wake alikuja naye, amembeba Kimya, kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Na Kelele alikuwa vilevile. Joto halijashuka, pumzi bado zinakimbia, amelala begani kwa mama yake kama kitambaa kilicholowa.

Daktari akampima, akakunja uso. "Siku tatu kamili na hakuna nafuu. Dawa imeshindwa. Hapa inabidi aende hospitali kubwa akachomwe sindano." Akavuta karatasi akaanza kuandika barua.

Mshonaji akaanza kulia bila sauti. Hospitali kubwa iko mbali, na mwanamke wa mtaa wao alimpeleka mtoto huko mwaka uliopita akarudi mikono mitupu. Hakuisema hadithi hiyo. Ilikuwa usoni mwake.

Mama Mstari alisikia yote, maana dirisha lake na meza ya daktari vimetenganishwa na pazia tu. Akatoka. "Daktari, nipe dakika mbili niione chupa."

Akaiinua kwenye mwanga. Imebaki chini kidogo ya nusu, kama inavyotakiwa. Tarehe ile ile. Rangi yake sawa, harufu yake sawa ya machungwa. Chupa haikuwa na kosa lolote. Hapo ndipo alipouliza swali ambalo alipaswa kuliuliza Jumatatu:

"Mwanangu, nyumbani ni nani anayempa?"

"Ni mama," mshonaji akasema, akimwonyesha mkwe wake kwa kidevu. "Mimi natoka kabla hawajaamka, narudi wamelala. Nilimfundisha vilevile ulivyonifundisha."

Mama Mstari aliniambia kwamba palepale aliliona kosa lake mwenyewe. Miaka yote hiyo ya "nionyeshe", na alikuwa akimwambia yule aliyefika dirishani, si yule atakayeshika chupa.

"Bibi," akasema kwa upole, "dozi ya asubuhi ameshapewa?"

"Bado, mwanangu. Tulitoka mbio."

"Basi mpe hapa. Nionyeshe unavyompa."

Bibi akamweka Kimya chini, akanawa mikono, akashika chupa. Na jamani, alikuwa fundi kuliko mkwe wake! Alitikisa chupa kwa nguvu mpaka vikuku vikalia. Akavuta dawa mpaka kwenye mstari, akaligonga bomba kwa ukucha kutoa kiputo. Akaingiza ncha shavuni kwa Kelele, akasukuma taratibu, akimbembeleza, "Meza, baba, meza, mume wangu."

Bomba lilipofika nusu, akasimamisha kidole.

Kimya alikuwa ameshasogea. Amesimama mbele ya goti la bibi, kichwa juu, mdomo wazi kama kifaranga.

Mkono wa bibi ulikuwa tayari umeanza kumwelekea. Ukaganda hewani. Akautazama mdomo ule uliofunguka, akautazama mstari mweusi, akamtazama Kelele begani kwa mama yake, na waliokuwa pale wanasema uso wake ulibadilika taratibu.

Sasa nisikilize vizuri. Yule bibi angeweza kusema, "Toka wewe, hii si yako," akammalizia Kelele iliyobaki. Watu wangecheka, mtoto mlafi huyo, basi. Daktari angemaliza kuandika barua yake. Badala yake akasema, kwa sauti ambayo hata foleni ya nje iliisikia:

"Ni mimi. Nimekuwa nikiwagawia."

"Mama?" mshonaji akasema.

"Nusu kwa huyu, nusu kwa huyu. Tangu hawa wazaliwe sijampa mmoja nikamnyima mwenzake. Biskuti navunja. Ndizi nakata. Hata nikimchapa mmoja, wa pili namfinya kidogo asijione bora. Huyu akaonja tone siku ya kwanza, akaona tamu, akalia mpaka majirani wakaja. Nikasema, si ndugu? Ugonjwa wa mmoja si utamfuata wa pili? Nimkinge."

"Mama, mtoto anakufa mikononi mwetu na wewe unagawa dawa kama biskuti!"

Bibi alikuwa bado ameshika lile bomba lenye nusu.

Mama Mstari akapiga magoti mbele yake, na magoti yake yale hayapendi kukunjwa. "Bibi," akasema, "asante."

"Asante ya nini? Unanicheka?"

"Asante kwa kuniambia. Chupa hii ilinidanganya. Kila siku imepungua kumi asubuhi na kumi jioni, kama ilivyotakiwa. Ningeitazama mpaka kesho nisingejua. Wewe ndiye umetuambia kwamba dawa haijashindwa. Haijamfikia." Kisha akaushika mkono ule ule, akauongoza. "Mmalizie."

Bibi akammalizia.

Daktari akaweka kalamu chini. Akahesabu pumzi upya, dakika nzima. Akamvua mtoto shati, akatazama kifua. Akampa maji, Kelele akanywa. "Sawa," akasema. "Tunaanza upya, chupa mpya, kumi kamili, siku tano. Leo mtakaa hapa kwenye benchi mpaka jioni nimwone tena, na kesho asubuhi mrudi. Lakini mkiona amekataa kunywa, au amelegea haamki, au kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, msinisubiri mimi. Moja kwa moja hospitali. Barua hii siichani, iko hapa." Akampima na Kimya pia, akamkuta mzima. "Huyu asipewe tena hata tone. Dawa ya mgonjwa si kinga ya mzima."

"Lakini nusu si inasaidia nusu?" bibi akauliza. Swali la haki kabisa.

Mama Mstari akacheka. "Nusu ni kumkimbiza mwizi mpaka mlangoni kisha ukarudi kulala. Kesho anarudi, na sasa anaijua nyumba."

Bibi akaitikia kwa kichwa, akakubali. Kisha akaleta shida yake ya kweli. "Sasa huyu Kimya nitamfanyaje? Mnaniachia kesi mimi peke yangu."

Wakaijadili pale benchini, wanawake watatu, kwa uzito kama baraza la ukoo. Wakakubaliana: Kelele akipewa dawa, Kimya apewe maji ya kunywa, ila kwenye kikombe. Dawa kwenye bomba, maji kwenye kikombe, vitu hivyo viwili visibadilishane hata siku moja, na chupa iwekwe mahali ambapo hata akipanda kiti hafiki. Na mtu yeyote nyumbani asiiite dawa tamu. "Haki imetendeka," bibi akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mshonaji akatabasamu, ingawa alikuwa akitazama upande mwingine.

Ijumaa asubuhi joto lilikuwa limepungua. Jumamosi Kelele alimrushia mlinzi kiatu, akapiga ukelele uliomtoa daktari nje. Mlinzi anasema hajawahi kufurahia kupigwa na kiatu kiasi kile. Siku ya tano bibi alikuja na chupa tupu akaiweka dirishani.

Mshonaji naye alikuja siku yake ya mapumziko kumshukuru Mama Mstari. Alishukuru mpaka maneno yakamwishia, akashika vile vidole vyenye wino mweusi akavibusu. Mama Mstari akavitoa. "Mimi nilikosea Jumatatu," alimwambia. "Nilikufundisha wewe ambaye nyumbani hukuwepo. Nenda kamshukuru yule aliyekuwepo."

Mambo ya mkwe na mkwe unayajua, yana kona nyingi. Lakini mtoto alikuwa hai, anavuta pazia la daktari kwa nguvu zote, na barua ya hospitali ilikuwa bado mezani haijatumwa popote. Bibi anasema jioni hiyo alikuwa anaosha vyombo, akasikia mtu anachukua kitambaa na kuanza kuvikausha. Mkwe wake akamwambia: "Asante, mama, kwa kusema," basi.

Siku hizi ukifika kwenye dirisha lile, kabla hajachora mstari, Mama Mstari hukuuliza nani atampa mtoto. Ukisema bibi, ukisema dada wa kazi, ukisema shangazi, atakuomba umlete, au umpigie simu palepale, aongee naye mwenyewe. Foleni hulalamika. Yeye huongea.

Mimi ninashukuru kwamba zahanati yetu ina mtu anayeuliza hivyo. Lakini nikikaa peke yangu humfikiria zaidi yule bibi, na mkono wake ulioganda hewani. Watu wote wanamtazama, mkwe wake amesimama hapo, na uongo mdogo upo tayari, usiomgharimu chochote yeye mwenyewe. Sema kweli: ungekuwa wewe umelishika bomba lile, ungesema?