Kaka Yangu Alivyoposa Nambari ya Simu

Kaka yangu Melkiades ana akili, nisimsingizie. Tuliporudi kutoka Tanzania hatukuwa na kitu, na leo ana depo ya mawese hapa Rumonge, Burundi, nyingine Magara, nyingine Nyanza-Lac. Ila akishaona kitu kina waya na kinawaka taa, akili yote inamtoka. Mimi Eliana, mdogo wake, ndiye karani wake, yaani nalipwa kumwangalia akiharibu.

Zamani kazi yangu ilikuwa hivi. Makarani wa Magara na Nyanza-Lac waliandika mauzo kwenye jedwali la Ekseli, wakanitumia, nami nikayanakili upya, mstari kwa mstari, ndani ya programu ya wateja. Programu hiyo kaka aliinunua Bujumbura kwa sababu muuzaji alivaa tai. Inamwonyesha kila mteja: jina, simu, ana ndoa au hana, ananunua kiasi gani. Nilinakili mpaka shingo ikakauka. Nikilalamika, kaka ananiambia nimwombe Mungu nguvu.

Ndipo akaja Cubaka, kijana kutoka Uvira, Kongo, viatu vimechongoka, Kifaransa kingi. Akafungua kompyuta yake mbele ya kaka. "Chef, hizi jedwali zitatembea zenyewe mpaka ndani ya programu. Hakuna mutu wa kunakili tena." Kaka alitaka kulia kwa furaha. Mimi pia, nisiseme uongo.

Likabaki swali moja: mashini itajuaje kwamba mtu wa kwenye jedwali ndiye yuleyule wa kwenye programu? Kwa jina haiwezekani. Mwambao huu wa ziwa umejaa akina Mama Schékinah, ukiita mmoja wanageuka saba. Cubaka akasema, "Tutumie nambari ya simu. Nambari moja, mutu mmoja." Sote tukatikisa vichwa kama watu walioelewa. Na kila mahali pa ndoa palipokuwa patupu, akaiamuru mashini ijaze yenyewe: hana ndoa. Eti programu haipendi nafasi tupu.

Wakati huo kaka alikuwa anamchumbia Elda. Mkewe alifariki zamani, na ile nyumba ilikuwa imepoa mpaka mende walihama. Elda ni fundi wa nguo, ana cherehani yake karibu na soko, mpole, anacheka polepole, na mimi nilimpenda kuliko kaka alivyojua kumpenda. Siku ya kwenda kwao kuposa ilishapangwa, na kitenge changu cha siku hiyo alinishonea yeye mwenyewe. Nilitaka kaka yangu asizeeke peke yake. Hicho tu.

Wiki ileile majedwali yakaanza kutembea. Kaka akakaa mbele ya kioo, akaiuliza mashini mteja wa kwanza ni nani. Likatokea jina: Sikujua, Magara, hana ndoa. Ananunua mawese kuliko hata wenye kiwanda cha sabuni! Kaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akamtafuta Elda. Akashuka, akashuka, akamkuta kule chini kabisa, pamoja na watu wanaonunua kwa bidoni, dumu moja moja.

"Eliana," akasema, "Mungu amenifungua macho."

"Kuhusu nini?"

"Mwanamke ni huyu wa Magara. Tukiunganisha depo zangu na biashara yake, nani atatuweza?"

"Umeshamwona?"

"Nimeona takwimu zake."

"Kaka, una wazimu? Na Elda je?"

"Elda nitamweleza. Ataelewa, ni mtu wa kanisa."

Jamani, hakumweleza. Alinituma mimi. Elda alisikiliza mguu ukiwa kwenye cherehani, akaniuliza kitu kimoja tu: "Huyo mwanamke, anamjua?" Nikasema hapana. Akaendelea kushona. Nilitoka pale na hasira mpaka nikakosea njia ya nyumbani.

Kwetu mtu haendi kuposa kabla ya kutuma mshenga akachungulie: nyumba ikoje, binti ana mtu au hana. Kaka akasema mshenga ni programu, na imeshachungulia. Basi tukapakia kreti za fanta, tukamchukua mzee Lameki wa kanisani, ambaye hotuba za posa anazijua kama sala, tukaenda Magara.

Watu wakatuelekeza kwenye nyumba yenye paneli ya sola. Mlangoni alikuwa ameketi mwanaume anatengeneza nyavu, jina lake Abasi. Lameki akamdhania ni kaka wa binti. Akasimama, akakohoa, akaanza, na Lameki akianza hana breki. Alipitia ng'ombe, akapitia maziwa, akapitia ukoo wetu wote, mpaka akafika pale alipokuwa anakwenda: "Katika nyumba hii tumeona ua. Tunaomba kulichuma."

Abasi akaweka sindano chini. "Ua gani?"

"Sikujua."

"Hilo ua limenizalia watoto watano, mzee. Munataka kulichuma mulipeleke wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Na kaka, badala ya kunyamaza, akatoa simu yake amwonyeshe. "Lakini hapa imeandikwa hana ndoa." Anamwonyesha mume! Mume mwenyewe akainama kusoma, maskini, kama anayetaka kuhakikisha.

Bahati yetu Sikujua alitoka wakati huo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alipoambiwa kwamba ndiye mnunuzi mkubwa wa mawese mwambao wote, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mimi? Hata bidoni moja sijanunua kwenu! Munganga alinikataza mafuta." Kumbe kazi yake ni kuchaji simu za watu. Simu yake haizimiki, kwa hiyo wanawake wote wa pale wanaonunua mawese huacha nambari yake kwa karani wetu, naye huandika "kwa Sikujua", ili mzigo ukifika apigiwe yeye, apaze sauti ufukweni, kila mmoja aje kuchukua wake. Magara wanafanya hivyo miaka yote, na karani anaona ni jambo la kawaida kabisa. Mashini ikawachukua wanawake wale wote, ikawasonga kama ugali, ikatoa bibi harusi mmoja.

Sikujua akaipaza hiyo sauti. Wakaja wenye watoto mgongoni, wakaja wenye magamba ya samaki mikononi, akaja hata bibi mmoja asiye na jino. "Kujeni! Huyu patron iko anatuoa sisi wote!" Wakafungua fanta zetu. Yule bibi akamwuliza kaka kama atapewa chumba cha peke yake. Abasi naye akanywa mbili, na sikumlaumu.

Tuliporudi, kaka alimfokea Cubaka. Cubaka hata hakutikisika. "Chef, mashini haikukosea. Nambari moja, mutu mmoja. Watu wa Magara ndio hawafuati." Kaka akamfukuza, kisha akamrudisha siku hiyohiyo, maana hakuna mwingine aliyejua kuizima.

Baada ya hapo akataka Elda wake. Akavaa koti, akaniomba nimsindikize. Nilikataa, kisha nikaenda.

Elda akatupa viti. Kaka akaeleza nambari, akaeleza jedwali, akaeleza Magara, kwa kirefu, kama kwamba tumekuja kutengeneza kompyuta. Halafu akamalizia, "Yalikuwa makosa ya mashini tu. Wewe ilikuandika sawasawa, mteja mdogo." Nikafumba macho.

Elda akakata uzi kwa meno. "Mimi ninakaa peke yangu, Melkiades. Bidoni nzima ya mawese kila Jumamosi. Ulifikiri ninaipeleka wapi?"

Kaka akavua miwani, akaanza kuifuta.

"Nilikuwa ninawagawia majirani. Hapa mlangoni kwangu mawese yanauzwa, tena bei nafuu. Lakini nilikuwa ninavuka mji wote, nimevaa vizuri, nije kununua kwako."

"Si ungeniambia," kaka akasema.

"Nilikuambia kila Jumamosi."

Akatushukuru kwa kuja, murakoze, kwa adabu zote, kisha akaiinamia cherehani na kuendelea na nguo ya mtu.