Adhana Iliyowahi

Mama yangu alikuwa mzito wa kusikia, na kipaza sauti cha msikiti wetu wa Mlingotini hakikumfikia tena. Ndiyo maana aliipenda ile programu ya adhana kwenye simu. Ramadhani simu ilikaa mkekani karibu na goti lake, sauti mpaka mwisho, na ikiadhini alitabasamu kama mtu aliyeitwa kwa jina.

Ramadhani yake ya mwisho mvua zilituandama. Jioni moja wingu lilitanda, jua hatukujua liko wapi. Simu ikaadhini. Mama akasoma dua, akala tende, akanywa uji wa pilipili manga. Na mimi nikala. Tulishafika kwenye muhogo wa nazi jirani alipotuletea bakuli la tambi, akasita mlangoni.

"Mbona mmeshafuturu? Msikitini bado hawajaadhini."

Mama hakumsikia. Ikabidi nimwambie mimi, sikioni, kwa sauti kubwa. Alikitema kipande cha muhogo kiganjani, akabaki anakitazama.

"Siku yangu imeharibika," alisema. Hakulia, ila mimi roho iliniuma sana.

Kumbe mchana ule programu ilikuwa imejibadilisha yenyewe, imeingia toleo jipya, na nyakati zote zikawa zinawahi. Niliwaandikia wenye programu kwa hasira. Wakanijibu kwa adabu kwamba tatizo hilo walilijua tangu kabla ya kulitoa toleo, na watalirekebisha katika lijalo. Walijua, wakalitoa hivyo hivyo! Seremala wa hapa kwetu hathubutu kukuuzia kitanda cha miguu mitatu akakwambia wa nne utafuata. Hawa wanathubutu, tena wanakushukuru kwa uvumilivu wako.

Siku yangu niliilipa mara tu baada ya Idi. Mama alitaka tufunge pamoja, lakini homa ilimshika, kisha sukari ikapanda, na daktari akamkataza kukaa na njaa. Kila nilipompelekea chai ya asubuhi aliniuliza kama leo hawezi kufunga.

"Mungu anajua hukukusudia, mama."

"Anajua, mwanangu. Lakini umri wangu wote sijaacha siku bila kuilipa."

Nikamwekea kikombe mkononi, akanywa kwa shingo upande. Alifariki hajailipa.

Nilimfungia mimi, baada ya arobaini yake. Jioni hiyo mbingu ilikuwa safi, jua nililiona likizama, na adhana ya msikitini niliisikia tangu mwanzo hadi mwisho. Tende nilikuwa nayo mkononi. Sikuila. Nilikaa pale mkekani mpaka giza likajaa nyumba nzima, nikiogopa kumharibia mara ya pili.