Komeo la Dirisha

Mwalimu wetu wa uchumi ni bahili wa chaki. Hata ikibaki kipande kama punje ya mahindi, anakirudisha mfukoni, kisha anapangusa vidole kwenye suruali iliyokata tamaa zamani. "Chaki ni bidhaa binafsi," husema. "Nikiishika mimi, wewe huna. Bidhaa ya umma haipungui ikitumiwa, wala huwezi kumzuia mtu asiipate." Sauti yake yenyewe haizuiliki, anafundisha kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Ndiyo maana kila Jumamosi, sisi tuliolipia masomo ya ziada tukiwa tumebanana ndani, wasiolipa hujipanga nje chini ya dirisha na kuandika kila neno. Tukanuna, tukaenda kushtaki kwa mwalimu mkuu, naye akaja.

"Mwalimu, hao wa nje wanasoma bure. Funga dirisha."

"Halifungiki, mama. Komeo limepotea tangu muhula uliopita."

Akatia mkono mfukoni kutafuta chaki. Ikatoka pamoja na komeo, likaanguka sakafuni likalia. Mwalimu mkuu akalitazama. Mwalimu akalikanyaga taratibu, akageukia ubao.

"Haya, tuliishia wapi?"

Waliotangulia kujibu ni wale wa nje.