Nyumba ya Merle Yavuka Mtaro

Merle Tipa ana miaka sabini na minne, na ubishi wake haujui likizo. Kwetu Otapiko, kusini kabisa mwa New Zealand, baa ni mali ya wakazi, na wakazi ndio wanaochagua bodi ya leseni ya pombe inayoiendesha. Mwenyekiti, Kelvin Strang, alitaka kuifunga, na alikuwa akigombea tena. Tangu afiwe na mume, Merle hana pengine pa kukutana na watu. Baa ikifungwa, anabaki na kondoo na redio.

Ila kura hakuwa nayo. Mpaka wa eneo la kura ulipita kwenye mtaro uliokata shamba lake, na nyumba ilikuwa upande wa pili, hatua tisa tu. Sheria haiangalii shamba. Inaangalia unapolala.

"Basi nahama," akaniambia mimi, jirani yake.

"Unahamia wapi, mama?"

"Pale. Na nyumba yangu."

Nyumba zetu ni za mbao, na kuzibeba kwa lori ni jambo la kawaida. Lakini kwa ajili ya kura! Nilimcheka, kisha nikaleta trekta. Majirani wengine wakaja na magogo, ujira wao mikate ya jibini. Merle alikataa katakata kutoka jikoni. Tulivuka mtaro huku akikoroga supu na kututukana dirishani.

Alilala huko mwezi mzima, kama sheria inavyotaka, akajiandikisha. Strang akapeleka malalamiko. Siku ya kufunga daftari la wapiga kura, afisa wa uchaguzi akaja na ramani na futi, akapima kutoka mtaroni hadi kitandani.

"Yumo," akasema.

"Huu ni uhuni!" Strang akafoka.

"Mwanangu," Merle akamwambia afisa, "futi si bado unayo? Mtaro huu unafika hadi kwa Kelvin. Hebu tuufuate."

Strang alikuwa amejenga nyumba mpya mwaka jana, yenye vioo vitupu. Afisa alipima mara mbili.

"Mzee, unalala nje."

"Nimepiga kura hapa miaka ishirini!"

"Ukiwa nyumba ya zamani. Kugombea ruksa, popote unapoishi. Kura huna."

Uchaguzi ulipofika, akashindwa kwa kura moja. Jumamosi aliingia baa kichwa chini, nami nikamwonea huruma kidogo. Merle alikuwa ameshamwagizia bia.

"Kaa, Kelvin," akasema. "Baa ni ya wakazi, lakini wageni tunawakaribisha."