Babu alizaliwa bila njia ya choo, akaokolewa na mfua nguo

Wakuu, hamjambo humu. Hii nimeipata kwa babu yangu mwenyewe, sijatia chumvi. Kovu alikuwa nalo, mahali ambapo sikuomba kuonyeshwa.

Alizaliwa Kulesa, kijiji cha kando ya mto, enzi Wazungu wa misheni wangali wageni pale Ngao, mwendo wa mtumbwi.

Siku mbili za kwanza kila mtu alimsifu, mtoto mtulivu. Kwetu mzazi hukaa ndani arobaini, na nguo za mtoto wanawake wa nyumba huzifua kwa zamu. Kila mmoja alidhani uchafu umepita kwenye zamu ya mwenzake. Na nani angemuuliza mama mkwe kama amefua kinyesi? Heshima nayo ina hasara zake.

Siku ya tatu tumbo likavimba likawa gumu, akatapika kijani. Mama mkwe akaleta samli. Kwa yule bibi kila ugonjwa dawa yake ni samli.

Aliyemzuia ni binti yake, Hawa, shangazi ya babu, naye alikuwa kwenye zamu ya kufua. Aliwauliza wote waliofua, mmoja mmoja. Kisha akasema:

"Mama, nguo zote ni mkojo mtupu. Hebu tumfunue."

Wakamfunua. Mahali pa haja palikuwa ngozi tupu, nyembamba, weusi unaonekana kwa ndani.

Sasa umtoe mzazi nje kabla ya arobaini, tena umpeleke misheni, nasi Waislamu! Mama mkwe ndiye aliyeweka samli chini, akamfunika mkwewe leso mabegani, akatangulia mtumbwini.

Mzungu aliyekuwa akitibu pale aliwaambia wazi: kama utumbo umeishia juu, hana la kufanya. Akapapasa, akachemsha kisu, akachana kidogo. Babu akamlipua hadi kwenye ndevu.

(Hapa babu alikuwa akicheka mpaka anakohoa.)

Mama yake akafundishwa kupanua njia kila siku kwa kidole chenye mafuta, isizibe tena.

Nguo ile ya kwanza chafu mama mkwe hakumwachia mtu. Aliifua mwenyewe mtoni, huku anapiga vigelegele.

Somo langu: kabla hujamsifu mchanga kwa utulivu, fungua nepi. Siku ikipita hajapata choo, kimbia hospitali, na samli ibaki jikoni.

Mwanangu wa kwanza alipozaliwa, wageni waliuliza amefanana na nani. Babu, mzee wa mkongojo, aliuliza moja tu:

"Amechafua?"

Nikamwonyesha nepi. Mzee akalia kwa furaha.

Haya, kwenu mtoto akizaliwa swali la kwanza huwa lipi? Mwageni hapa chini.